Shindano ya taya: inafaa lini?

Mgonjwa wa kwetu akitoka kituo cha afya na vidonge tu, anarudi nyumbani akinung'unika kwamba hakutibiwa. Akipigwa shindano, hata ya vitamini, anasema: leo nimeona dawa. Wazo hilo halikuzaliwa bure. Wazee wetu waliona vidonda vya buba vikikauka kwa shindano moja tu ya penisilini, na jambo kama lile halisahauliki. Lakini ugonjwa wa taya si buba. Kwa kuwa mapadri na wakatekista ndio wanaoulizwa shauri kabla ya mganga, yafaa tujue ni taya gani inayohitaji shindano, na ni ipi isiyoihitaji.

Tutazame kwanza kiungo chenyewe. Weka kidole mbele ya tundu la sikio, fungua kinywa, kisha kifunge. Kile kinachocheza chini ya kidole ni kichwa cha mfupa wa taya ya chini. Kinakaa katika shimo la mfupa wa kichwa, na katikati yao kuna kisahani cha gegedu kinachozuia mifupa isisagane. Kiwiko cha mkono hujikunja tu. Kiungo hiki hujikunja na tena huteleza kwenda mbele, na kile cha kuume hakiendi bila kile cha kushoto. Mtu mzima mwenye afya hufungua kinywa kiasi cha vidole vyake vitatu vikipangwa, ndiyo milimeta 40 au zaidi.

Kisahani kikihama mahali pake, taya hulia «ta!» mtu anapotafuna. Ikilia bila kuuma, mwiache. Hakuna cha kutibu. Pengine kisahani hukwama, na kinywa hakifunguki tena vizuri. Pengine kiungo huvimba ndani, kama goti la mzee. Lakini mara nyingi mwenye kosa si mfupa, ni misuli ya shavu na ya kipaji, kwa mtu anayekaza meno usiku au wakati wa masumbuko. (Waseminari wanaongoja mitihani wanaujua ugonjwa huu, hata wasipojua jina lake.)

Waganga wa meno na wa mifupa ya uso wamejaribu shindano za namna nyingi. Iliyo rahisi kueleza ni kuosha kiungo: shindano mbili zinaingizwa mbele ya sikio, maji safi ya chumvi yanapita kwa moja na kutoka kwa nyingine, yakichukua takataka za uvimbe na kulegeza kilichokwama. Njia hii ilielezwa mwaka 1991 kwa ajili ya wagonjwa ambao kinywa chao kimefungika. Wengine hutia kortizoni ndani ya kiungo. Hiyo hutuliza uvimbe, lakini ikirudiwa-rudiwa yaweza kuharibu gegedu na mfupa wenyewe. Wengine hutia asidi ya ialuroniki, ambayo ni ndugu ya ute unaolainisha viungo vyetu. Tena wako wanaopiga misuli kwa sumu ya botulinumu, kidogo sana: sumu hiyo hukata habari inayotoka mshipa wa fahamu kwenda msuli, na msuli hulegea kwa muda wa miezi mitatu hivi.

Je, zinafaa? Mwaka 2023 jarida la waganga la Uingereza, BMJ, lilitoa mashauri juu ya maumivu ya taya yaliyodumu miezi mitatu na zaidi. Waliyoyasifu kwa nguvu ni mazoezi ya taya, kukanda misuli kwa mikono, na kumsaidia mgonjwa kuyashika mawazo na masumbuko yake. Juu ya shindano nilizozitaja, hata juu ya kuosha kiungo, walisema: kwa wagonjwa wengi ni afadhali kuziacha. Hawakuzikataza kabisa. Mganga mwenye kuujua uso vizuri aweza kuona mgonjwa ambaye ikimfaa. Lakini hiyo si kazi ya mtu anayezunguka vijijini na mfuko wa dawa.

Na hatari tunaijua sisi Wakongo. Mwaka 1976, huko Yambuku, shindano tano zilitolewa kila asubuhi kwa wagonjwa wote, zikisuuzwa tu kati ya mmoja na mwingine. Ndivyo Ebola ilivyoenea. Kati ya watu 318 waliougua, 280 walikufa, na masista waliokuwa wakiwatunza miongoni mwao.

Basi anayeumwa taya tu aanze na chakula laini: sombe iliyopondwa vizuri, uji, samaki, muwa na mahindi ya kuchoma angoje. Aweke kitambaa cha maji ya moto shavuni, asiachie meno ya juu na ya chini kugusana bure, akipiga miayo ategemeze kidevu kwa mkono. Na yule ambaye taya imetoka mahali pake kwa kupiga miayo, kinywa kikabaki wazi, apelekwe kwa mganga airudishe kwa mikono.

Kuna taya moja tu ambayo shindano haingoji hata siku moja. Mtu alichomwa na msumari au mwiba, siku zikapita, sasa kinywa kinakaza, halafu shingo, halafu mgongo, naye akili zake ni timamu. Au mtoto mchanga aliyekatwa kitovu kwa wembe mchafu, alinyonya vizuri siku mbili za kwanza, leo hawezi tena. Hiyo ni pepopunda, tetanosi. Sumu yake hutoka kwa mdudu aliye jamaa ya yule wa botulinumu, ila huyu hukaza mahali yule alipolegeza. Msikande, msingoje mavuno ili mpate franka za njia: achukuliwe hospitali saa ile ile, akapate shindano ya kuzima sumu. Na akipona apigwe chanjo, kwa maana kuugua pepopunda hakumpi mtu kinga ya kutougua tena.