Herufi Zinazosomeka: Kabla ya Kutia Saini

Tuchukulie mfanyabiashara wa mpunga wa Isaka aliyekwenda kukopa mtaji kabla ya mavuno. Hupewa mkataba wa kurasa mbili. Jina la mkopeshaji limepambwa kwa herufi kubwa, na kiasi cha mkopo kimekolezwa wino. Masharti ya kuchelewesha marejesho, ambayo ndiyo yatakayomgusa mambo yakimwendea mrama, yamebanwa chini ya ukurasa kwa herufi ndogo mithili ya punje za ulezi. Akitia saini, amefungwa na maneno ambayo macho yake hayakuyafikia.

Kiswahili kina hatari yake ya pekee katika jambo hili. Lugha yetu huweka ukanushi mwanzoni mwa neno, na pengine herufi moja tu hubeba maana nzima. "Atarudishiwa dhamana yake" ni ahadi. "Hatarudishiwa" ni kunyimwa. Herufi h ikififia katika nakala hafifu, mlaji atasoma kinyume cha kile anachokubali. Tarakimu nazo ni vivyo hivyo: 3 na 8 zikiwa ndogo hufanana mno, na rejesho la shilingi 30,000 kwa wiki si sawa na la 80,000. Ndiyo maana tunashauri kiasi cha mkopo, rejesho na tarehe ya mwisho viandikwe kwa tarakimu na kwa maneno pia.

Wachapaji hupima herufi kwa pointi, na pointi moja ni takriban milimita 0.35. Kwa mkataba, pointi 12 huwatosha watu wazima wengi. Pointi 8 huwasumbua hasa waliovuka umri wa miaka 40. Hata hivyo, kipimo hicho peke yake hudanganya. Times New Roman, iliyobuniwa kwa ajili ya gazeti la The Times la London na kuanza kutumika humo mwaka 1932, huonekana ndogo kuliko Verdana ya pointi zilezile, ambayo Matthew Carter aliibuni kwa ajili ya skrini na Microsoft ikaitoa mwaka 1996. Basi tazama kimo cha herufi ndogo kama a, e na x. Umoja wa Ulaya hupima hivyo: katika lebo za kawaida za vyakula, x haipaswi kupungua milimita 1.2.

Kwenye simu tatizo ni jingine. Katika Arial, I kubwa na l ndogo karibu hazitofautiani, na anayenakili namba ya kumbukumbu yenye herufi hizo hukosea kwa urahisi. Ukubwa wa maandishi waweza kuongezwa katika mipangilio ya simu. Masharti yaliyotumwa kama picha hayafuati mipangilio hiyo. Yakuze kwa vidole viwili, na usibonyeze "Nakubali" kabla ya kufika mwisho wake.

Wewe nawe ukiagiza orodha ya bei au tangazo la duka, usikubali aya nzima iandikwe kwa herufi kubwa tupu. (Wapo wanaoamini kuwa kufanya hivyo huonyesha uzito, sisi twaona humchosha msomaji tu.) Wino mweusi juu ya karatasi nyeupe hushinda maandishi ya njano kwenye picha ya maua.

Kabla ya kusaini, shika karatasi mbali na uso kama unavyoshika gazeti, katika mwanga uliopo pale pale dukani. Usipoweza kusoma, omba nakala yenye herufi kubwa zaidi, au mwombe mtu unayemwamini akusomee, si mkopeshaji pekee. Una haki ya kuondoka bila kusaini.

Na stakabadhi za mashine, zile za karatasi laini, hufifia kwa joto na jua. Madereva wa malori wanaopitia Isaka kuelekea Rusumo huziacha mbele ya kioo cha gari. Baada ya muda karatasi huwa tupu. Toa fotokopi au ipige picha siku hiyohiyo.