Baiti mbili zinazoweza kuikwamisha intaneti

TANGU nyaya za TEAMS na SEACOM zilipofika Mombasa mwaka wa 2009, na mkongo wa taifa wa NOFBI ukaelekezwa hadi makao makuu ya kaunti, ni rahisi kwa mteja wa Migori au Homa Bay kuulaumu waya kila mtandao unapokokota.

Hata hivyo, kasoro huweza kuwa ndani ya ruta ndogo iliyotundikwa ukutani.

Data husafiri katika vifurushi viitwavyo pakiti. Pakiti ya Ethernet huanza na baiti 14, kisha hufuata kichwa cha IP chenye anwani za mtumaji na mpokeaji, kila moja baiti nne. Kadi ya mtandao huimwaga pakiti katika bafa, yaani sehemu ya kumbukumbu iliyotengwa na draiva, ile programu inayoiongoza kadi.

Tatizo ni kwamba 14 haigawanyiki kwa nne.

Prosesa husoma kumbukumbu mithili ya mchuuzi wa omena apimaye kwa gorogoro. Anwani iliyolala nusu katika gorogoro moja na nusu katika nyingine humlazimu kuzigusa zote mbili.

Prosesa za Intel huyafanya hayo bila hasara kubwa. Zile za MIPS, zilizotumika kwa miaka mingi katika ruta za bei nafuu, hukataa kabisa na kukitupia mzigo kiini cha Linux, nacho huacha kazi nyingine ili kuunganisha vipande. Hilo hurudiwa kwa kila pakiti, na pakiti huja kwa maelfu.

Dawa ya kawaida ni draiva kuruka baiti mbili mwanzoni mwa bafa, ili 14 ziwe 16. Linux huiita nafasi hiyo NET_IP_ALIGN. Mwaka wa 2010 iliondolewa kwa prosesa za jamii ya Intel, kwani kadi kuandika mahali palipopinda kuligharimu kuliko prosesa kusoma.

Kuna kadi zisizokubali kuruka. Kwa ruta za Atheros zenye ila hiyo, OpenWrt hutia kiraka kinachoiambia kompaila mapema kwamba namba hazikukaa sawa, itumie maagizo maalumu ya kuzisoma.

Fundi wa Rongo au Mbita mwenye ruta ya MIPS iliyowezeshwa debugfs anaweza kutazama hesabu iitwayo unaligned_instructions. Ikipanda kwa kasi wakati faili linapakuliwa, aanze na draiva kabla ya kumpigia simu mwenye waya.