Namba ya tarakimu 21 iliyodhaniwa tasa kwa zaidi ya karne mbili

Namba 147,573,952,589,676,412,927 haina la ajabu kwa macho. Hata hivyo, iliaminiwa kuwa tasa kwa zaidi ya karne mbili, na ugumu wa kuigawanya unasaidia kueleza jinsi siri zinavyolindwa mtandaoni leo.

Namba tasa ni ile iliyo kubwa kuliko 1, isiyogawanyika bila baki ila kwa 1 na kwa yenyewe. Kwa mfano, 31 ni tasa. Hupatikana kwa kuzidisha mbili tano pamoja, kisha kutoa 1. Namba yetu hupatikana vivyo hivyo, lakini kwa mbili 67.

Mtawa wa Ufaransa, Marin Mersenne, aliitaja kuwa tasa katika kitabu chake cha mwaka 1644. Mwaka 1876, Mfaransa mwenzake Édouard Lucas alithibitisha kwamba sivyo. Hesabu yake ilionyesha kuwa namba hiyo ina vigawo, bila kuonyesha ni vipi. Ni kama mtu atikisaye sanduku lililofungwa: anajua mna kitu ndani, asijue ni kitu gani.

Sanduku lilifunguliwa tarehe 31 Oktoba 1903, katika mkutano wa Chama cha Hisabati cha Marekani jijini New York. Inasimuliwa kwamba Frank Nelson Cole alikwenda ubaoni bila kutamka neno. Kwanza aliikokotoa namba hiyo. Kisha akazidisha 193,707,721 kwa 761,838,257,287. Majibu mawili yakalingana, naye akarudi kuketi huku ukumbi ukimpigia makofi. Alipoulizwa baadaye kazi hiyo ilimchukua muda gani, yasemekana alijibu: Jumapili za miaka mitatu.

Vigawo hivyo viwili vyenyewe ni tasa. Kuvizidisha kwa mkono ni kazi ya muda mfupi. Kuvitafuta kulichukua miaka.

Tofauti hiyo ndiyo iliyowaongoza Ron Rivest, Adi Shamir na Leonard Adleman walipobuni mfumo wa RSA mwaka 1977. Namba kubwa, iliyo zao la namba tasa mbili, hutangazwa hadharani ili yeyote aweze kufunga ujumbe. Mwenye kuvijua vigawo vyake ndiye awezaye kuufungua.

Usalama huo una mipaka. Mwaka 2020, watafiti waligawanya namba ya aina hiyo yenye tarakimu 250, kwa kompyuta nyingi zilizofanya kazi pamoja. Namba zinazotumika sana sasa zina tarakimu 617. Aidha, mwaka 1994 Peter Shor alionyesha kwamba kompyuta ya kwanta, ikipata nguvu ya kutosha, ingeweza kuzigawanya kwa haraka. Ndiyo maana mwaka 2024 Marekani ilitoa viwango vipya vya kufunga siri, visivyotegemea ugumu wa kutafuta vigawo.