Mkiachana, shamba na mshahara wa kesho ni vya nani?

Tukizungumzia ndoa kipindini, swali moja halikosi: "Hati ina jina la mume wangu. Tukiachana, nitaondoka na nini?" Wanaume nao huuliza: "Atakula mshahara wangu maisha yote?"

Kwa Tanzania Bara, jibu limo kwenye Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 114. Mahakama ikitoa talaka, inaweza kugawa mali mliyochuma kwa juhudi za pamoja mkiwa kwenye ndoa. Jina kwenye hati halimalizi mambo. Hupimwa mchango wa kila mmoja, uwe wa fedha, mali au kazi. Madeni ya familia na mahitaji ya watoto wadogo nayo hutazamwa.

Je, kupika, kulima na kulea ni mchango? Ndiyo. Mwaka 1983, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilisema kazi za nyumbani ni mchango. Lakini Bi Hawa mwenyewe hakupata mgawo, kwa kuwa mahakama iliona alitapanya fedha alizopewa na mumewe. Kwa hiyo nusu kwa nusu si ya moja kwa moja. Mchango unathibitishwa.

Na shamba ambalo mume alikuwa nalo kabla ya ndoa? Likiendelezwa kwa kiasi kikubwa kwa jasho la wote wawili, linaweza kuingia kwenye mgawo.

Sasa kipato cha kesho. Mahindi yaliyo ghalani na akiba mliyoweka pamoja vinaweza kugawanywa. Mavuno na mshahara wa miaka ijayo havigawanywi hivyo. Hata hivyo, mahakama ikiona sababu, inaweza kumwamuru mume amlipe mtalaka wake matunzo kutokana na kipato chake. Kwa kawaida matunzo hayo hukoma akiolewa tena. Matunzo ya watoto ni suala jingine: kuachana na mama hakumwondolei baba wajibu wa kulea.

Ufanye nini? Anza Baraza la Usuluhishi la Ndoa. Usuluhishi ukishindikana, baraza litakupa hati, nawe utaipeleka mahakamani. Mahakama ya Mwanzo iliyo karibu nawe inaweza kusikiliza shauri hilo. Hata kama talaka ilishatamkwa nyumbani, usikubali kufungashiwa virago bila kufika huko.

Tunza ushahidi: stakabadhi za mabati na mbegu, ujumbe wa malipo kwenye simu, majirani waliowaona mkifyatua matofali. Na kumbuka, ndoa ikiwa hai, nyumba ya familia haiuzwi bila ridhaa ya mwenzi. Ukisikia dalali anapita nyumbani, usingoje talaka ndipo uulize.