Linda Nchi: Vita Visivyo na Siku ya Kurudi

Oktoba 2011 wanajeshi wa Kenya walivuka mpaka kuwaandama wapiganaji wa al-Shabaab ndani ya Somalia. Watalii walikuwa wametekwa pwani ya Lamu, na wafanyakazi wawili wa misaada wakanyakuliwa katika kambi ya wakimbizi ya Dadaab. Serikali ilisema taifa lina haki ya kujilinda, na kweli linayo. Lakini operesheni iliyoitwa Linda Nchi ilianza bila Wakenya kuelezwa ni hali gani ikipatikana vijana wao watafunga virago. Hapo ndipo ninapoona chanzo cha mengi yaliyofuata.

Lengo la awali lilikuwa kuwasukuma wapiganaji mbali na mpaka. Mvua zikanyesha, malori yakakwama kwenye matope ya njia ya Afmadow, wiki zikawa miezi. Mji wa bandari wa Kismayo ulipochukuliwa mwishoni mwa Septemba 2012, ingefaa kuuliza kama kazi imekwisha. Swali lilikuwa limeshapitwa na wakati, kwani miezi michache kabla wanajeshi wa Kenya (KDF) walikuwa wameingizwa katika AMISOM, kikosi cha Umoja wa Afrika, ambacho posho za askari wake zililipwa na Umoja wa Ulaya. Kuondoka hakukuwa tena uamuzi wa Nairobi peke yake. AMISOM yenyewe iliidhinishwa Januari 2007 kwa miezi 6. Ilidumu miaka 15, ikageuzwa kuwa ATMIS, na muda wa ATMIS ulipokwisha mwishoni mwa 2024 ikaja AUSSOM.

Yaliyotokea Kismayo yanastahili kutazamwa kwa karibu. Bandarini kulikuwa na marundo ya magunia ya makaa, bidhaa ambayo Baraza la Usalama lilipiga marufuku isiuzwe nje ya Somalia tangu Februari 2012. Wakaguzi wa Umoja wa Mataifa waliripoti kwamba shehena ziliendelea kutoka hata baada ya al-Shabaab kutimuliwa mjini. Penye fedha za namna hiyo hawakosekani watu wanaoombea hali ibaki ilivyo. Ahmed Madobe, ambaye wanamgambo wake wa Ras Kamboni walipigana bega kwa bega na KDF, akawa rais wa jimbo la Jubaland mwaka 2013. Serikali ya shirikisho mjini Mogadishu haikumridhia. Kenya ikajikuta ndani ya ugomvi wa Wasomali wenyewe, hadi Machi 2020 askari wa Jubaland na wa serikali ya shirikisho walipopigana katika mji wa Bulahawo na risasi zikaangukia Mandera, upande wa Kenya.

Wapo wanaokumbusha vita vya Kagera, kwamba Tanzania iliingia Uganda na kumaliza kazi. Lakini Idi Amin, mtawala wa Uganda, alikuwa na mji mkuu wa kutekwa. Kampala ilipoanguka Aprili 1979 utawala wake ulikwisha, na hata hivyo askari wa Tanzania walibaki huko hadi 1981. Al-Shabaab hupoteza mji lakini watu wao huendelea kutoza kodi kwenye vizuizi vya barabarani na kuamua kesi za ardhi katika vijiji ambavyo hakimu wa serikali hajafika. Kazi ya kujaza nafasi hiyo ya serikali haifanywi na askari wa kigeni waliojichimbia kambini.

Alfajiri ya Januari 15, 2016, kambi ya Wakenya ya El Adde, Somalia, ilivamiwa na kutekwa na al-Shabaab. Serikali haikutangaza hesabu ya waliouawa, na taifa likaachwa likikisia idadi ya watoto wake. Kabla ya hapo al-Shabaab walikuwa wameua watu 67 katika jumba la maduka la Westgate, Nairobi, mwaka 2013, na 148 katika Chuo Kikuu cha Garissa mwaka 2015. Kila msiba ulifanywa sababu ya kubaki, maana kuondoka kungeonekana kama kusalimu amri. Misiba hiyo hiyo ilionyesha kwamba kuwepo Somalia hakujawalinda waliobaki nyumbani, na hoja hii ilipaswa kusikilizwa kwa uzito ule ule.

Raia nao walilipa gharama: Lamu, wavuvi walikatazwa kwa miaka kuvua usiku, na familia zikapoteza riziki. Mei 2023 serikali ilitangaza kufungua tena mpaka na Somalia uliofungwa tangu 2011. Julai ikaahirisha, kwa kuwa watu walikuwa wameanza tena kuuawa Lamu na Garissa.