Dhamana ya Mdomo na Injini Iliyokufa Chalinze

Mwalimu mmoja mstaafu wa hapa Dar es Salaam alitoa sehemu kubwa ya kiinua mgongo chake akanunua gari la abiria saba lililokwisha kutumika Japani. Nia yake ilikuwa kuwachukua watoto wa mtaani kwao asubuhi na kuwarudisha jioni kwa ujira mdogo, ili yeye na mkewe wapate riziki pasi na kuwategemea watoto wao. Katika wiki ya sita injini ilikufa karibu na Chalinze, ndani wakiwamo mkewe na wajukuu watatu.

Muuzaji ni kijana anayeswali naye Ijumaa katika msikiti mmoja. Kwa miezi miwili salamu zao zilibaki za desturi tu. Kijana husema shikamoo, Mwalimu hujibu marahaba huku akitafuta viatu vyake. Imamu alipowaita wasuluhishwe alituomba nasi tuketi barazani, na wote wawili wameridhia tuyaandike haya bila kutaja majina yao wala yadi.

Mwalimu alileta risiti. Chini ya bei palipigwa muhuri wenye maneno kwamba gari limeuzwa kama lilivyo. Lakini kijana hakukana kwamba siku ya mauzo alitamka kwa kinywa chake dhamana ya miezi mitatu kwa injini na giaboksi. Basi karatasi ilisema hivi na ulimi ukasema vile. Tumeona mauzo mengi ya namna hii, na hatuwezi kuwalaumu wauzaji peke yao. Mnunuzi naye huifurahia ahadi akaona haya kuomba iandikwe, kana kwamba kuandika ni kumtuhumu nduguye. Ilhali aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Suratul Baqara, inahusu kuandikiana na kushuhudisha.

Kijana alijitetea kwa hoja mbili. Kwanza, gari liliendeshwa likiwa limechemka. Pili, fundi wa Mwalimu aliifungua injini kabla yadi haijaliona gari, kwa hiyo dhamana imekwisha.

Hoja ya kwanza haikuwa uzushi. Mkewe Mwalimu, aliyeketi nyuma ya pazia la ushungi wake kimya kwa muda mrefu, ndiye aliyeisema kweli yote. "Walipopita Mlandizi," kwa maneno yake, "sindano ya joto ilipanda. Tukasimama, tukaongeza maji, tukaendelea. Ilipopanda mara ya pili nilimwambia tusimame, akaniambia Magharibi itatukuta njiani." Injini iliyokosa maji hupata joto lisilo sawa, silinda hedi, ambayo katika magari mengi ya siku hizi ni ya aluminiamu, hupinda, gasiketi iliyo chini yake huungua, na maji hupenya kwenye oili. Fundi alipochomoa kijiti cha kupimia, oili ilikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Oili ya namna hiyo hailainishi tena. Chuma husagana na chuma, injini ikanoki.

Hata hivyo swali halikuwa injini imekufaje. Swali lilikuwa maji yalikwenda wapi.

Hapo imamu alitufungulia kitabu. Watu wa pwani yetu wengi wanafuata madhehebu ya Imam Shafi, na hukumu za biashara wamezisoma katika Minhaj ya Imam Nawawi. Mnunuzi anayo hiari ya kurudisha bidhaa kwa kasoro iliyokuwapo kabla hajaipokea, naye atakiwa kuitumia hiari hiyo mara tu anapoijua kasoro. Akiendelea kuitumia bidhaa hali anajua, amejifungia mlango. Tuliona Mwalimu akiinamisha kichwa. Wakihitilafiana kuhusu lini kasoro ilianza, na yote mawili yawezekana, kauli inayokubaliwa ni ya muuzaji pamoja na kiapo chake. Yaani mnunuzi asiye na ushahidi yu katika hali dhaifu, jambo ambalo wengi hawalitarajii.

Kuhusu injini kufunguliwa, imamu aliuliza kama tumewahi kununua nazi mbovu. Nazi haijulikani ubovu wake mpaka ivunjwe, na wanazuoni waliitaja nazi hiyohiyo: kasoro isiyojulikana ila kwa kuvunja haimnyimi mnunuzi haki ya kurudisha. Lakini wakaongeza kwamba kama kasoro ingeweza kujulikana kwa uharibifu mdogo zaidi, kile kilichozidi ni kasoro mpya aliyoitia mnunuzi. Fundi angeweza kupima shinikizo la rejeta na la silinda, au kutia mashine ya kusoma kompyuta ya gari, pasi na kufungua chochote kikubwa. Yeye aliisambaza injini nzima juu ya gunia. Kijana akatabasamu kidogo, naye imamu hakumwacha atabasamu sana.

Alimgeukia akamweleza kisa kilichomo katika Muwatta ya Imam Malik. Abdallah bin Umar aliuza mtumwa kwa dirhamu 800 kwa sharti kwamba hahusiki na kasoro zozote, sharti lisilo mbali na ule muhuri wa risiti. Mnunuzi akadai kwamba mtumwa ana ugonjwa ambao hakutajiwa. Wakafika mbele ya Khalifa Uthman, aliyemtaka Ibn Umar aape kwamba alipouza hakuujua ugonjwa huo. Ibn Umar alikataa kuapa, akampokea mtumwa wake. Baadaye akamuuza kwa dirhamu 1,500. Kwa hakika katika madhehebu yetu sharti la kujivua na kasoro zote halimfai muuzaji wa vitu kama gari. Kauli yenye nguvu inalikubali kwa mnyama tu, tena kwa kasoro iliyojificha ambayo muuzaji hakuijua.

"Kijana wangu," imamu akasema, "sikuapishi. Nakuuliza tu, ungeweza kuapa?"

Kijana aliomba muda hadi baada ya Isha.

Aliporudi hakuketi. Akasema kwamba gari liliposhushwa lilikuwa likidondosha maji kidogo, fundi wa yadi akatia dawa ya kuziba rejeta, maji yakakatika, nao wakaliosha na kulipanga mbele. Dawa ile huziba tundu, lakini huweza pia kuziba njia nyembamba za maji ndani ya rejeta. Hapo kila mtu barazani alikumbuka jinsi Mtume (S.A.W.) alivyotia mkono katika rundo la chakula sokoni akakuta unyevu chini, akamuuliza mwenye mali kwa nini asiuweke juu watu wauone. Hakuna aliyekitamka kisa hicho. Haikuwa lazima.

Kurudisha gari hakukuwezekana tena, kwa kuwa injini ilikwisha sambazwa. Katika hali kama hiyo fiqhi inamrudishia mnunuzi fidia kwa kadiri kasoro ilivyopunguza thamani. Kwa mfano, gari zima likiwa na thamani ya shilingi milioni 20 na lenye kasoro milioni 15, upungufu ni robo. Aliyelinunua kwa milioni 18 hurudishiwa milioni 4 na nusu. Wao waliona hesabu hiyo ni ndefu wakachagua sulhu. Kijana atanunua injini nyingine iliyotumika, Mwalimu atalipa ufundi na gharama ya kulivuta gari kutoka Chalinze, kwa kuwa alikuwa ameiona sindano.

Safari hii dhamana iliandikwa: siku 90, sehemu zinazohusika kwa majina, kilomita zilizosomeka siku hiyo pamoja na picha ya dashibodi, na kwamba taa au sindano ikionya gari lisimamishwe, yadi ipigiwe simu, na injini isifunguliwe ila mafundi wa pande zote mbili wawepo. Mashahidi wawili walitia saini.

Wasomaji wamewahi kutuuliza kama kesi ya gari ipelekwe kwa kadhi. Kenya, Mahakama ya Kadhi kwa mujibu wa Katiba husikiliza mambo ya hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi tu, si biashara. Hapa Tanzania Bara malalamiko ya mlaji hupokewa na Tume ya Ushindani, FCC, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003, na njia ya mahakama za kawaida iko wazi. Huko nako watauliza karatasi. Imamu aweza kusuluhisha wanaoridhia. Kumlazimisha asiyeridhia hana uwezo nao.

Gari lilirudi barabarani baada ya wiki tatu. Mkewe Mwalimu ndiye anayekaa kiti cha mbele siku hizi, na watoto wanasema macho yake hayabanduki kwenye ile sindano.