Je, Wajua? Vifaru Vilisafisha Mashamba ya Karanga Kongwa

Kongwa ni mji mdogo kwenye nyanda kavu za Dodoma. Mwaka 1947 Waingereza walianzisha hapo mradi mkubwa wa karanga. Visiki na mizizi vikayashinda matrekta. Basi vifaru vya Sherman, mabaki ya Vita Kuu ya Pili, vikageuzwa kuwa matrekta ya kufyekea pori!

Ardhi haikusalimu amri. Jua lilipowaka, udongo mwekundu uliganda kama saruji, karanga zikanasa humo humo. Mradi ukavunjwa 1951.

Heshima kubwa zaidi ya Kongwa ilikuja baadaye. Kuanzia miaka ya 1960, wapigania uhuru wa FRELIMO ya Msumbiji, ANC ya Afrika Kusini na SWAPO ya Namibia walipiga kambi hapo. Samora Machel na Chris Hani walikuwa miongoni mwao.